Kumchora Malaika Aliyeanguka: Mwongozo kwa Wachoraji na Wachongaji wa Arusha

Mchoraji akipewa kazi ya kumchora Shetani ukutani kanisani, au kwenye kitambaa cha nyuma cha igizo la Pasaka, mkono wake hukimbilia vitu vitatu: pembe mbili, mkia wenye ncha ya mshale, na uma mrefu wa kuchomea watu motoni. Fungua Biblia utafute. Uma haumo. Mkia na pembe zimo katika Ufunuo, lakini pembe ni kumi, na mwenye nazo ni joka lenye vichwa saba. Malaika mwenyewe, kabla na wakati wa kuanguka, hakuvalishwa lolote kati ya hayo.

Picha tuliyoizoea ilitengenezwa Ulaya katika Karne za Kati, ikatufikia kwa nakala za kadi, kalenda na vitabu vya sala. Mojawapo inayonakiliwa sana ni ile ya Guido Reni, aliyoichora Roma kwenye miaka ya 1630: Mikaeli mweupe, kijana, nywele zikipepea, amemkanyaga kichwani Shetani mwenye ngozi iliyokolea na mabawa ya popo. Ni kazi ya fundi mkubwa. Lakini mtoto wa Sakina au Ngarenaro anayekua akiitazama ukutani hujifunza somo la rangi ya ngozi kabla hajajifunza somo la dhambi. Kwa sababu hiyo peke yake inafaa tuanze upya, na Maandiko yenyewe yanatupa vifaa vya kutosha.

Jambo la kushika kabla ya penseli ni hili: Biblia inamweleza aliyeanguka kuwa alikuwa mzuri. Nabii Ezekieli anataja uzuri uliokamilika, hekima na mawe ya thamani. Asipoonekana alikotoka, mtazamaji hataelewa kuwa ameanguka. Ataona jitu baya lililo mahali pabaya, na hilo halimshtui mtu. Basi chora utukufu kwanza, kisha uuvunje. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata kanuni hiyo.

ANZA NA ANDIKO MOJA

Biblia haina sura moja inayosimulia kuanguka kwa malaika tangu mwanzo hadi mwisho. Ina vipande, na kila kipande kina picha yake. Ukivichanganya vyote kwenye ukuta mmoja utapata nyota, joka, minyororo, moto na bustani vikigombania nafasi, na muumini aliyekaa benchi la nyuma hataelewa kitu. Chagua kimoja kiwe mwili wa kazi. Vingine vinaweza kuingia kama alama ndogo.

KISANDUKU CHA 1: Andiko lipi linakupa picha gani
• Isaya 14:11–15. Nyota ya alfajiri inaanguka. Aliyetaka kiti chake kiwe juu ya nyota anashushwa shimoni. Vinanda vinanyamaza na funza ndio tandiko lake.
• Ezekieli 28:12–19. Kerubi katika bustani, amevikwa mawe ya thamani, anatembea kati ya mawe ya moto juu ya mlima wa Mungu. Moto unatoka ndani yake mwenyewe na anabaki majivu.
• Luka 10:18. Kuanguka kwa ghafla, kama umeme.
• Ufunuo 12:3–9. Joka jekundu, mkia unaokokota theluthi ya nyota, Mikaeli na malaika zake vitani.
• Ufunuo 9:1–11. Nyota iliyoanguka inapewa ufunguo. Shimo linafunguka na moshi unatia giza jua.
• 2 Petro 2:4 na Yuda 6. Malaika walioyaacha makao yao, gizani, kifungoni, wakingoja hukumu.
• 2 Wakorintho 11:14. Shetani anayejigeuza afanane na malaika wa nuru.

Tahadhari kabla hujaendelea. Isaya 14 inaelekezwa kwa mfalme wa Babeli, na Ezekieli 28 kwa mfalme wa Tiro. Wakristo tangu karne za mwanzo wamezisoma pia kama habari za Shetani, lakini wapo wachungaji na mapadre wanaotaka ziachwe kwa wafalme wale tu. Muulize mwenye kanisa kabla ya kuchora. Akisema hapana, usibishane naye. Nenda kwa Luka na Ufunuo, ambako jina la Shetani limetajwa waziwazi.

Na kama jirani yako Mwislamu atauliza, mwambie hadithi unayoichora ni ya Biblia. Iblisi wa Kurani ameumbwa kwa moto, na kosa lake ni kukataa kumsujudia Adamu. Usichanganye habari hizo mbili kwenye picha moja. Utawakosea wote wawili.

KWA NINI NAPENDEKEZA EZEKIELI KWA MCHORAJI WA ARUSHA

Ukiniuliza, mtu anayechora chini ya Meru asiliache andiko hili. Vitu vyake vyote tunaishi navyo.

Tuanze na mawe. Nabii anaorodhesha akiki, zabarajadi, yaspi, yakuti samawi, zumaridi na mengine, pamoja na dhahabu. Arusha ni mji wa mawe. Tanzanite iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, na biashara yake imepita mikononi mwa watu wa mji huu kwa zaidi ya nusu karne. Haimo katika orodha ya Ezekieli, kwa hiyo usimvishe malaika tanzanite halafu ukadai ndivyo ilivyoandikwa. Jifunze tabia yake tu. Mwombe dalali unayemfahamu akuonyeshe kipande kilichokatwa, ukigeuze polepole kwenye mwanga wa dirisha: upande mmoja ni bluu, ukikizungusha ni zambarau, na pembe nyingine hutoa wekundu wa mvinyo. Vazi la kerubi linataka rangi inayohama namna hiyo. Ukutani utaipata kwa kupaka bluu, kuiacha ikauke, kisha kupitisha juu yake zambarau nyepesi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Kwa upande wa kijani, litazame jiwe la Longido: kijani kibichi chenye mabaka ya rubi. Likiwa zima ni pambo. Likipasuka, yale mabaka mekundu yanaonekana kama jeraha.

Halafu ipo biashara. Ezekieli 28 inataja kiburi cha uzuri, lakini inarudi tena na tena kwenye wingi wa biashara, udhalimu wake na jeuri iliyozaliwa humo. Wachoraji karibu wote hulipita jambo hili. Mizani ndogo ya kupimia mawe, imepinduka, sahani moja ikining'inia hewani karibu na mkono wa anayeanguka: alama hiyo muumini wa Arusha ataisoma bila kuelezwa. Usiandike jina la duka wala usichore jengo linalotambulika. Mizani yenyewe inatosha.

Kisha mlima, na hapa nakaa kidogo.

Ukiwa mjini, Meru ni pia iliyotimia, na kilele chake kiko zaidi ya mita 4,500. Zunguka hadi Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, uitazame kutoka mashariki. Ubavu mzima haupo. Maelfu ya miaka iliyopita upande ule uliporomoka, ukamwaga matope na mawe hadi chini ya Kilimanjaro, na maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho. Kilichobaki ni ukuta wa jabali wenye urefu wa kilometa moja na nusu hivi, na ndani yake koni ya majivu iliyotoka kwa milipuko ya baadaye. Wa mwisho unaojulikana ulikuwa mwaka 1910. Mchoraji anayetaka kuelewa namna kitu kikubwa kinavyoanguka na bado kikabaki na sura ya ukuu, aende Momella na daftari. Achore ule ukingo uliobaki, kisha aupe mgongo wa malaika mstari huohuo: mzima upande wa kushoto, umemegeka upande wa kulia.

Kaskazini zaidi, karibu na Ziwa Natron, upo Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007. Lava yake ni ya ajabu: hutoka nyeusi, nyepesi kama matope, na ikishakutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe katika muda mfupi. Kwa hiyo miamba ya picha yako si lazima iwe myekundu kama moto wa jikoni. Nyeusi inayopauka kuwa nyeupe, na mshono mwembamba wa machungwa katikati, inatisha zaidi kwa sababu ni kweli.

Lakini shika adabu. Lengai ni mahali patakatifu kwa Wamaasai, na Meru ina heshima yake kwa Wameru na Waarusha. Chukua umbo, rangi na mpasuko. Usimweke Shetani kileleni mwa mlima unaotambulika, kana kwamba ndiko kwake. Ezekieli mwenyewe anasema alifukuzwa kutoka mlimani. Mlima ni wa Mungu hadi mwisho wa andiko.

Kama unahitaji mfano wa fundi aliyeleta hadithi takatifu kwenye ardhi yake, yupo Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani katika kanisa la Anglikana la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu Mwafrika kati ya watu na mandhari ya Murang'a. Alivuka mpaka akachora vilima vya wenyeji wake. Sisi tuna Meru dirishani.

HATUA KWA HATUA

1. Amua dakika. Je, unamchora kabla hajaanguka, akiwa hewani, au akiwa ameshafika chini? Dakika ya katikati ndiyo ngumu na ndiyo bora, kwa kuwa utukufu na uharibifu huonekana kwa pamoja. Kwa picha ya watoto wa shule ya Jumapili chagua ya kwanza au ya tatu. Mwili unaoporomoka huwaletea watoto wadogo ndoto mbaya.

2. Acha pengo. Yuda 6 inasema hawakuyalinda makao yao. Chora safu ya malaika juu, na mahali pamoja pawe wazi: nafasi ya mtu mmoja, imeangazwa, haina mtu. Jicho litalikuta pengo, kisha litashuka kumtafuta aliyelikalia. Mstari kutoka pengoni hadi kwenye mwili unaoanguka ndio uti wa mgongo wa picha. Uulaze mshazari. Ukisimama wima, anayeanguka huonekana kama amening'inizwa kwa kamba.

3. Mpe uso mzuri. Hili ndilo wateja watakalolipinga, nawe usikubali kirahisi. Kosa lililomwangusha ni moyo kuinuka kwa sababu ya uzuri. Ukimpa meno ya fisi umefuta sababu. Kiburi kiweke kidevuni: kimeinuliwa hata wakati mwili unashuka. Macho yatazame juu, pengoni. Alexandre Cabanel, Mfaransa, alimchora mwaka 1847 akiwa kijana mwenye sura nzuri, ameficha nusu ya uso kwa mkono, jicho jekundu kwa hasira na chozi. Jicho lile moja linafanya kazi ya pembe mia.

4. Jifunze bawa kwenye bawa. Nenda sokoni Kilombero, nunua jogoo, omba bawa lisinyonyolewe. Likunjue juu ya meza. Lina bega, kiwiko na kifundo kama mkono wako. Kwenye kiganja yamepangana manyoya makubwa kumi. Kwenye kigasha yapo mafupi na mapana. Sasa shika unyoya mmoja mkubwa, uupapase kinyume, kutoka ncha kuelekea shina. Utafunguka nyuzinyuzi, umetawanyika, umepoteza mng'ao. Upapase tena kuelekea ncha: nyuzi zinashikana na unyoya unarudi kuwa ubao mmoja. Hapo umepata lugha nzima ya picha yako. Malaika waliobaki juu, chora manyoya yaliyoshikana. Anayeanguka, yaanze kufunguka kwenye ncha na uharibifu upande taratibu kuelekea bega. Ukitaka bawa lililovunjika, livunje kwenye kifundo. Yale manyoya kumi yaning'inie upande usio wake. Usiokote manyoya ya ndege ndani ya hifadhi. Sheria haikuruhusu kutoa kitu mle, na jogoo anatosha.

5. Kumbuka upepo. Mwili unaposhuka, hewa inapanda. Nguo, nywele, ncha za mabawa na cheche zote zielekee juu. Picha nyingi za kuanguka zina kanzu iliyotulia ikifuata miguu, na ndiyo maana hazianguki.

6. Weka chanzo cha mwanga. Kwa Ezekieli, moto umetoka ndani yake mwenyewe. Usichore moto wa kuotea chini ya miguu yake. Paka kifua na mabega rangi ya njano na machungwa, acha ikauke kabisa, halafu funika kwa rangi nyeusi yenye bluu kidogo. Kabla nyeusi haijashika, chukua mpini wa brashi au msumari butu ukwaruze mistari myembamba. Machungwa yatatokea kwenye nyufa. Kwa rangi ya maji una dakika chache tu, hivyo fanya kipande kimoja kimoja. Kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi muda ni mrefu zaidi, lakini tabaka la chini lazima likauke sawasawa, na kwenye baridi ya Juni na Julai huku kwetu hukawia.

7. Malizia na alama, zisizidi tatu. Nyota, mizani, kinanda kilichokatika nyuzi, taji linaloanguka pembeni yake, mnyororo: chagua. Ukichora nyota za Ufunuo 12, hesabu. Theluthi ni theluthi: ukiweka nyota 30 mbinguni, 10 zishuke. Wazee wa kanisa watazihesabu siku ya uzinduzi.

NENO KUHUSU NYOTA

Ukifuata Isaya, mtazame kwanza huyo unayemchora. Nyota ya alfajiri ni sayari ya Zuhura. Katika majira yake hukaa upande wa alfajiri kwa karibu miezi minane, kisha hupotea na kurudi kama nyota ya jioni. Yakiwa majira ya alfajiri, amka kabla ya saa kumi na moja na nusu utazame mashariki, upande wa barabara ya Moshi. Inang'aa kuliko nyota zote, inapanda kidogo, kisha jua linakuja na kuimeza kabla haijafika utosini. Nabii alichagua picha ya kitu kinachotaka kufika juu kabisa lakini hakifiki. Kwa hiyo usichore nyota yenye ncha tano ikidondoka kwenye anga jeusi. Chora anga la alfajiri, na jua liwe tayari linachomoza nyuma ya nyota. Angalizo moja: Ufunuo 22:16 inamwita Yesu mwenyewe nyota ya asubuhi. Kama kanisa lina picha au dirisha linalotumia nyota hiyo kwa Kristo, yako iwe tofauti kwa umbo na rangi, au uiache kabisa.

UKUTA NA VIFAA

Hapa sisemi mengi, kwa kuwa fundi anajua kazi yake. Lipu mpya ingoje wiki nne kabla ya rangi, la sivyo chokaa itakula rangi na bluu zako zitapauka. Epuka Machi hadi Mei. Ukuta wa kanisa lililo mteremkoni mwa Meru hunywa maji ya masika, na rangi itavimba. Chora mchoro mdogo kwenye karatasi yenye miraba, piga miraba ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, hamisha mraba kwa mraba. Mandhari ya chini inapendeza ukichekecha mchanga mweusi wa volkano, ukauchanganya na gundi ya mbao nyeupe na kuupaka kabla ya rangi. Unakupa majivu ambayo mtu anaweza kuyagusa. Usiupandishe juu ya usawa wa kiuno cha mtu mzima, maana watoto wataubandua.

KWA MCHONGAJI

Mji huu una vinyago vya Kimakonde kila kona ya utalii, na wengi wameviona vile vya mtindo wa shetani: miili iliyopinda, jicho moja, sikio moja, tundu mahali pa tumbo. Mtindo huo ulianza Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi. Mashetani wale ni viumbe wa porini wa simulizi za Kimakonde, wengine wakorofi, wengine wacheshi. Si Shetani wa Biblia. Usichukue kinyago cha namna hiyo ukakipachika mabawa na kukiuza kwa kanisa. Utaidhalilisha mila ya watu na utamdanganya mnunuzi.

Unachoweza kujifunza humo ni namna ya kutumia nafasi tupu na mwili unaojisokota. Mpingo wenyewe unakupa zawadi nyingine: kiini ni cheusi, na tabaka la nje chini ya gome ni la rangi ya maziwa. Wachongaji wengi huliondoa lote. Wewe liache kwenye ncha za manyoya na kwenye kidole kimoja kinachoelekea juu, kama mwanga ambao bado haujamwacha. Panga jambo hili kabla ya kushika tezo, maana ukishalikata halirudi. Kazi ikauke polepole kivulini. Mpingo ukianikwa juani hupasuka, na utapasuka shingoni au kwenye bawa, palipo pembamba.

Wachoraji wa Kiorthodoksi wa Ethiopia wana kanuni inayofaa kwa mchoraji na mchongaji pia: watakatifu huonyeshwa uso mzima na macho mawili, waovu huonyeshwa ubavu, jicho moja. Ukigeuza kichwa cha anayeanguka robo mzunguko ili jicho la pili lifichike, umeshamtofautisha bila kubadili rangi wala kumfanya mbaya.

KISANDUKU CHA 2: Usifanye haya
✗ Usimfanye Mikaeli mweupe na mwasi mweusi. Wote ni malaika. Wape ngozi moja. Tofauti iwe kwenye mwanga, manyoya na mkao.
✗ Usikimbilie upande wa pili ukamfanya mwasi mweupe pe, wa kutisha. Katika nchi ambamo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, picha hiyo ukutani ni hatari kwa mtoto aliyekaa kwenye benchi.
✗ Usitumie ulemavu, kovu au kilema kama alama ya dhambi.
✗ Usimpe sura ya mtu anayejulikana: mwanasiasa, mchungaji wa kanisa lingine, jirani mliyegombana.
✗ Usimvike shuka ya Kimaasai, kanzu na kofia, wala vazi la kabila au dini yoyote.
✗ Usimkuze. Akiwa mkubwa kuliko wote ukutani, waumini watasali wakimtazama yeye. Asizidi theluthi ya urefu wa picha.

Kosa jingine ni kubadilisha kila kitu kwa wakati mmoja. Mwaka 1562 Pieter Bruegel alichora malaika waasi wakigeuka samaki, vyura na wadudu kadiri wanavyoshuka; wanaotisha zaidi ni wale ambao bado wana kitu cha malaika mwilini. Ukiamua kutumia joka au nyoka, fuata njia hiyo. Anza na magamba machache kwenye kifundo cha mguu, na uso uubakize.

Kwa igizo au video ya kwaya kanuni ni zilezile, na vifaa ni rahisi. Mvalishe mwigizaji kanzu ileile ya malaika wenzake. Onyesho linapoendelea, apakwe majivu kidogo kidogo, na taa ya mbele izimwe ibaki ya ubavuni. Mtazamaji atamwona akipoteza nuru mbele ya macho yake, jambo ambalo kinyago cha dukani hakiwezi.

KABLA HUJAPANDA JUKWAANI: orodha ya kukagua
☐ Nimechagua andiko moja, na mchungaji au paroko amelikubali.
☐ Mchoro mdogo wenye rangi umeonyeshwa kwa wazee wa kanisa, pamoja na akina mama na mwalimu wa watoto.
☐ Alama ni tatu au pungufu, na kila moja naweza kuonyesha aya yake.
☐ Ngozi ya malaika wote ni moja.
☐ Pengo la juu linaonekana kutoka benchi la mwisho. Nimesimama pale nikahakikisha.
☐ Nguo na manyoya vinaelekea juu.
☐ Nikimfunika kwa kiganja aliyeanguka, sehemu iliyobaki bado ni picha ya utukufu wa Mungu.
☐ Makubaliano yameandikwa: ukubwa, vifaa, malipo ya awali, malipo ya mwisho, na nani mwenye neno la mwisho juu ya mabadiliko.

Kipengele hicho cha mwisho usikionee haya. Picha ya Shetani huleta maoni mengi kuliko picha yoyote kanisani. Kila mpita njia atakuwa na lake, na usipokuwa na karatasi iliyotiwa sahihi utajikuta unaongeza pembe Jumamosi jioni. Makanisa mengi yanayoadhimisha Mikaeli na malaika hufanya hivyo tarehe 29 Septemba. Ukitaka kazi yako izinduliwe siku hiyo, peleka mchoro kwa wazee mwezi Aprili, mkubaliane Mei, uanze ukuta Juni masika yakiisha, na Agosti uwe unashughulikia manyoya.